Nilikuwa Nafukuza Namba

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona tangu nina miaka kumi na tisa, kwanza kwenye baraza ya mama mmoja pale Ngamiani, Tanga, baadaye kwenye kibanda changu mwenyewe. Naanza na kazi kwa sababu ugonjwa wenyewe, rumatoidi athraitisi, ule ambao kinga ya mwili inavishambulia viungo vyako mwenyewe, ulijitambulisha kupitia mkasi. Mwaka 2016, masika yakiwa yanaishia, niliamka nikashika mkasi wa kukatia na vidole vikakataa kujikunja. Siku hiyo maumivu hayakuwa makubwa. Vilikuwa vimekaza tu, kama ugali uliolala. Nikavichovya kwenye maji ya moto, nikavikanda, ilipofika saa nne asubuhi vikalegea nikaendelea na kazi. Kesho yake vile vile. Wiki ya pili mkono wa kushoto nao ukaingia, na vile vifundo vinavyojitokeza ukikunja ngumi vikawa vimejaa na vina joto.

Nilizunguka miezi minane. Zahanati moja walinipima taifodi. Nyingine wakanipima gauti, nikaambiwa niache nyama na maharage, nikaacha, vidole havikubadilika. Sindano za diklofenaki nilichomwa sijui ngapi. Zilinipa nafuu ya siku mbili tatu, halafu tumbo likaanza kuniwaka. Kila aliyeniona alikuwa na lake: maji ya barafu, feni, kulala chini, jicho la mtu. Neno baridi yabisi walilitaja wote, lakini kwetu neno hilo limebeba kila kinachouma kwenye mfupa, kuanzia goti la bibi wa miaka themanini hadi kiuno cha mbeba mizigo wa bandarini. Ukiambiwa una baridi yabisi hujaambiwa kitu.

Aliyenifungulia njia ni tabibu mmoja kijana. Aliniuliza swali ambalo kwa miezi minane hakuna aliyeniuliza: "Mama, ukiamka, vidole vinakaa vimekaza kwa muda gani?" Nikamwambia mpaka saa nne. Akanishika kiganja, akakibana kwa pembeni kama anayesalimia kwa nguvu, nikapiga ukelele. Akaandika kipimo kimoja kwenye karatasi: RF, yaani rumatoidi fakta.

Maabara ya pale walichanganya tone la majimaji ya damu yangu na dawa nyeupe kama maziwa juu ya kibao cheusi, wakakitikisatikisa. Ikigandana vipunje vipunje, ipo. Ikibaki laini, haipo. Yangu iligandana. Majibu yalikuwa neno moja, chanya, na barua ya kwenda Dar es Salaam kwenye kliniki ya magonjwa ya viungo.

Huko Dar ndipo nilipokutana na namba. RF 212, na pembeni wameandika kikomo cha kawaida ni 14. Kipimo cha pili, anti-CCP, zaidi ya 200, kikomo 20. Daktari alisema mashine yao haihesabu kupita hapo. ESR, ile inayopima chembe nyekundu za damu zinashuka haraka kiasi gani kwenye mrija kwa saa moja, 78, nayo imepanda.

Daktari alikaa na mimi karibu nusu saa, jambo ambalo mpaka leo namwombea dua. Akaniambia mwili unatengeneza kingamwili ili zikamate wadudu wanaoingia. Kwangu mimi zinatengenezwa zinazokamata vya nyumbani. RF ni kingamwili inayokamata kingamwili nyingine, askari anamfunga pingu askari mwenzake. Anti-CCP zinakamata protini za mwili wenyewe zilizobadilika kipande kimoja kidogo tu, arginini ikageuka kuwa sitrulini, na mwili ukaziona kama mgeni. Akaniambia pia jambo lililonishangaza: RF iligunduliwa kwa damu ya kondoo. Mnorwe mmoja, Erik Waaler, aliona kabla ya Vita Kuu ya Pili kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa viungo yanagandisha chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, akaandika habari zake mwaka 1940. Kipimo cha anti-CCP ni kipya zaidi, kimeanza kutumika mahospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na faida yake ni kwamba hakidanganywi kirahisi. RF inaweza kuwa chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu, mwenye homa ya ini ya virusi vya C, hata mzee mzima asiye na tatizo lolote. Anti-CCP ikiwa chanya kwa mtu mwenye viungo vilivyovimba, mara nyingi sana ni huu ugonjwa.

Kisha akasema maneno ambayo nilitakiwa kuyaandika lakini sikuyaandika. Wanaotibu viungo, alisema, wana kanuni ya mwaka 2010 ya kuutambua ugonjwa kwa alama. Kingamwili zikizidi kikomo lakini hazijapita mara tatu ya kikomo, alama mbili. Zikipita mara tatu, alama tatu. Zangu zilikuwa zimepita mara tatu siku nyingi. "Namba hii, mama, haisemi leo unaumwa kiasi gani. Inasema ugonjwa wako ni wa ile aina inayopenda kula mfupa, kwa hiyo hatuna muda wa kupoteza. Ndiyo maana naanza na dawa ya methotreksati leo, sisubiri."

Mimi nilisikia nusu. Nilisikia namba kubwa, ugonjwa mkubwa. Nikarudi Tanga na 212 kichwani, na katika akili yangu kupona kukawa na maana moja tu: namba hiyo ishuke mpaka 14.

Dawa nilipewa vidonge sita vya miligramu 2.5 kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Narudia hapa kwa sababu ni jambo la uhai: methotreksati ya viungo inamezwa siku moja tu katika wiki. Nilichagua Ijumaa baada ya Isha. Jumatatu asidi foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo. Na prednisoloni kidogo kidogo ya kunishikilia mpaka dawa kubwa ianze kufanya kazi, maana inachukua wiki sita, nane, wengine hata kumi na mbili.

Nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukurasa wa mwisho nikauandika jina langu, nikapiga mistari, nikaanza kuandika RF. Baada ya miezi mitatu nikaenda maabara binafsi bila kuandikiwa na daktari, nikalipa bei ya kushona magauni mawili. 198. Nilifurahi nikanunua soda. Miezi mitatu mingine, maabara tofauti kwa sababu ile ya kwanza mashine ilikuwa imeharibika. 230.

Naomba niieleze vizuri siku hiyo ya 230, kwa sababu kosa langu lote limo humo. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka, nimekunja ngumi, imefunga. Nilikuwa nimekata vitambaa vya sare za shule za watoto wanne. Nilikuwa nimefungua mfuniko wa chupa ya mafuta mwenyewe. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu. Halafu karatasi ikasema 230 na mimi nikaiamini karatasi nikaviacha vidole. Nilikaa kwenye kibanda nikalia. Nikajiambia dawa imeshindwa, ugonjwa unapanda, kesho kutwa nitakuwa kama yule bibi wa Pangani ambaye mikono yake imepinda upande mmoja kama mnazi wa ufukweni.

Nikaanza kumeza vidonge vinne vya ziada kila Jumanne. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Niliona kama dawa sita zimeshusha kidogo, kumi zitashusha vizuri.

Wiki ya tatu mdomo ukachanika. Vidonda kwenye ulimi, ndani ya mashavu, chai ya vuguvugu ilikuwa moto. Nikapata homa. Mume wangu akanipakia kwenye basi usiku kwenda Dar. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka mno. Wakasimamisha methotreksati, wakanipa asidi foliniki, ambayo ni tofauti na ile foliki ya Jumatatu na ndiyo inayookoa mtu aliyezidisha, wakanilaza siku tisa. Daktari wangu alipokuja alikaa pembeni ya kitanda, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa nini, mama?" Nikamtolea daftari.

Alilisoma lile daftari kama mtu anayesoma barua. Kisha akaniuliza kama maabara zote tatu ni moja. Nikamwambia hapana. Akanionyesha kwenye karatasi zenyewe nilichokuwa nacho mkononi bila kukiona: ya 212 kikomo chake 14, ya 230 kikomo chake 20. Mashine tofauti, vitendanishi tofauti, mizani tofauti. Kulinganisha 212 ya huku na 230 ya kule ni sawa na kupima kiuno cha mteja kwa inchi leo na kesho kwa sentimita, halafu ukasema amenenepa. Hilo mimi fundi nililielewa mara moja, na niliona aibu.

Lakini hata ingekuwa mashine moja, akasema, bado ningekuwa nafukuza kitu kisicho mbele yangu. RF inaweza kushuka kidogo dawa ikikubali, kwa wengine inashuka sana, kwa wengine inabaki juu miaka yote huku wanatembea na kufanya kazi. Anti-CCP ndiyo ngumu zaidi kusogea. Zikishapimwa mwanzoni zimemaliza kazi yake kubwa. Kinachopanda na kushuka pamoja na ugonjwa ni vipimo vingine vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, ESR na mwenzake CRP, na zaidi ya vyote ni viungo vyenyewe.

Nilitafuta namna ya kulishika jambo hili kichwani, nikalipata dukani kwa Mhindi. Ukinunua jora, pembeni pana maandishi yanayokuambia ni pamba tupu au imechanganywa na poliesta. Pamba tupu itasinyaa, kwa hiyo unailoweka kwanza, unaacha nafasi kwenye mshono. Maandishi hayo yana maana kubwa siku ya kukata. Lakini shati likishavaliwa mwaka mzima, ukitaka kujua kama limechanika kwapani, husomi tena maandishi ya jora. Unaliinua unaangalia kwapa.

Namna ya daktari ya kuangalia kwapa ni kuhesabu viungo 28. Mabega mawili, viwiko viwili, vifundo vya mikono viwili, vifundo kumi vya mwanzo wa vidole, kumi vya katikati pamoja na vya dole gumba, magoti mawili. Anabonyeza kila kimoja, anaandika kinachouma na kilichovimba. Mimi mwenyewe naulizwa niseme hali yangu kwa jumla kwenye mstari wa mia. Anaweka na ESR, anapiga hesabu, inatoka alama. Ikizidi 5.1 ugonjwa unawaka. Ikishuka chini ya 2.6 umetulia. Siku ya kwanza nilikuwa 5.9. Siku ile ninalia kwenye kibanda na karatasi ya 230, kwa maelezo yangu na kwa ESR iliyokutwa kwenye faili, alikadiria nilikuwa kama 3. Nilikuwa nusu ya safari tayari, nikajitia sumu.

Ile hesabu nayo ina tundu lake, na nalisema kwa sababu limeniuma mwenyewe: vidole vya miguu havimo. Mimi natumia cherehani ya kukanyaga. Kuna kipindi mikono ilikuwa shwari, alama nzuri, na nyayo zangu zinawaka. Sasa nikiingia kliniki navua viatu kabla sijaulizwa.

Na namba yangu kubwa haikuwa bure. Nina kinundu kigumu kwenye kiwiko cha kulia, hakiumi, kimekaa kama punje ya korosho chini ya ngozi. Vinundu hivyo huwapata zaidi wenye RF ya juu. Wenye kingamwili nyingi za aina zote mbili ndio mifupa yao huliwa mapema, na ndio wanaotakiwa kuangaliwa mapafu na macho, maana ugonjwa hauishii kwenye vidole. Kila mwaka nasikilizwa kifua. Daktari aliwahi kuniuliza kama navuta sigara, nikasema sivuti, akasema vizuri, sigara na kingamwili hizi ni marafiki wabaya. Kwa hiyo sisemi kipimo hakina thamani. Kilimfanya daktari aanze dawa ya nguvu siku ile ile. Ningeanzishwa polepole, leo hii ningekuwa nasimulia mengine.

Sasa nifike kwa wifi yangu.

Wifi yangu anakaa Muheza, analima na kuuza machungwa. Mwaka 2017 vidole vyake vilianza kama vyangu, asubuhi, pande zote mbili. Mimi nilipoviona nilijua. Nikamwambia, "Wifi, nenda ukapime RF." Mimi ndiye niliyemtuma na hiyo RF yangu. Akapima, ikawa hasi. Akaambiwa hana ugonjwa wa viungo, ni kazi ya shamba, apumzike. Na mimi, niliyekuwa bado naabudu namba, nikakubali. Nikamwambia Mwenyezi Mungu amekuepusha. Akaendelea kubeba matenga ya machungwa.

Miaka miwili. Aliporudi kwangu msiba wa baba mkwe, nilimpa kisu amenye vitunguu, kisu kikamdondoka mara tatu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuelekea upande wa kidole kidogo. Nikamshika mkono nikambeba mpaka Dar. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa ya pembeni mwa vifundo imeliwa, kama panya amepita kwenye sabuni. RF hasi. Anti-CCP hasi. Zote mbili hasi na mfupa umeliwa.

Daktari alituambia wagonjwa wa namna yake si wachache, mmoja kati ya watano hivi, pengine zaidi, hawana kingamwili hizo kwenye damu, na ugonjwa wao ni ule ule. Kwa kawaida wenye kingamwili ndio huharibika zaidi. Lakini asiye nazo, akiachwa bila dawa miaka miwili kwa sababu karatasi imesema hasi, anaweza kumzidi mwenye nazo aliyetibiwa mapema. Kanuni ile ya alama inahitaji sita kati ya kumi, na kingamwili zinatoa tatu tu. Viungo vingi vilivyovimba vinatoa mpaka tano. Muda zaidi ya wiki sita unatoa moja. ESR iliyopanda moja. Wifi yangu alikuwa na alama za kutosha bila tone la kingamwili, tangu 2017, kama kuna mtu angemhesabu vidole.

Siku ile tulihesabiwa vile viungo 28 wote wawili, mimi naye, kwenye chumba kimoja. Mimi mwenye 212 nilitoka na 2.4. Yeye mwenye hasi alitoka na 6.1.

Sikulala usiku huo. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomwambia Mungu amekuepusha, moyo unaniuma. Nimemwomba radhi, yeye anasema, "Wifi, wewe ulijua nini," lakini mimi ndiye niliyekuwa na ugonjwa huo, mimi ndiye niliyejua kukaza kwa asubuhi kunakuwaje, nikaacha kuamini nilichokishika kwa mikono yangu.

Binti yangu, aliyefikisha miaka ishirini na mbili, alipoyasikia yote haya alitaka kupima. Hana dalili yoyote. Nilimwuliza daktari. Akanieleza kwamba huko Uholanzi walifukua damu za wachangia damu waliokuja kuugua baadaye, zilizotunzwa kwenye barafu, wakakuta karibu nusu yao walikuwa na kingamwili hizi miaka kadhaa kabla kidole hakijauma. Kwa hiyo inawezekana kuziona mapema. Lakini kuna wanaokuwa nazo wasiugue, na kwa mtu asiye na dalili hakuna dawa ya kawaida ya kumpa. Atabaki na karatasi na hofu. Nilimfikiria binti yangu na daftari lake mwenyewe lenye mistari. Nikamwambia, mwanangu, ukiamka siku vidole vimekaza mpaka saa nne, niamshe hata usiku. Kupima kwa sasa hatupimi.

Mama mkubwa naye, nikiwa kwenye homa ile ya kupima, nilimpeleka akapimwe RF kwa goti lake. Ikatoka chanya kidogo. Alihangaika mwaka mzima akijiona na ugonjwa wangu. Goti lake ni la uzee tu, halivimbi asubuhi, linauma akitembea jioni.

Sasa natumia methotreksati ile ile ya Ijumaa, vidonge sita, na damu napimwa kila baada ya miezi michache, ini na chembe za damu, kwa sababu dawa hii inataka kuchungwa. RF sijapima tangu 2018. Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeufuta mistari, naandika mambo mengine: nimeamka saa ngapi vidole vikalegea, ngumi imefunga au la, nimetundika vifungo vingapi kwa siku. Daktari anaupenda ukurasa huo kuliko karatasi za maabara, husoma kwanza kabla hajanigusa.

Wifi yangu dawa imemkubali. Uvimbe umekwisha, alama yake imeshuka chini ya 3, lakini mfupa ulioliwa haurudi na vidole havitanyooka. Machungwa sasa anabebewa na mwanawe. Mwezi huu namshonea gauni la Idi. Kaomba lisiwe na vifungo hata kimoja, na zipu iwekwe mbele, yenye kishikio kikubwa anachoweza kukivuta kwa kiganja. Nimezunguka Ngamiani yote kutafuta zipu hiyo, nimeipata leo.